Kambale wa Amazon katika baridi ya Mbeya

Hununuliwa akiwa na urefu wa sentimita tatu au nne ili asafishe kioo. Baridi ya nyanda za juu, uniti za umeme na mito inayoanzia milimani huku vinamdai mfugaji uangalizi mkubwa kuliko huo.

Mfuko wa nailoni umetiwa maji kidogo, hewa imejazwa juu yake, mdomo umekazwa kwa mpira, kisha ukawekwa ndani ya boksi chini ya kiti cha basi. Ndivyo samaki wa mapambo anavyosafirishwa kutoka Dar es Salaam kuja Iringa na Mbeya.

Hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Ruaha Mbuyuni joto linabana. Basi likishapanda Kitonga hewa inageuka, na kufika Mafinga na Makambako abiria wameshavaa majaketi. Maji ya mfukoni nayo yanapoa. Samaki anayeteremshwa Ipogolo kwa ajili ya Iringa mjini ana nafuu. Anayeendelea hadi Uyole, Mbeya, ana saa kadhaa zaidi za baridi mbele yake.

Akifika, mnunuzi ana hamu ya kumwona akiogelea. Anafungua mfuko na kumwaga vyote kwenye tangi alilolijaza maji ya bomba asubuhi ile ile. Siku ya pili au ya tatu samaki analala ubavu, na lawama anabebeshwa muuzaji.

Kifo cha namna hiyo kinazuilika. Kukizuia kunaanza na kumjua samaki mwenyewe, halafu kujua kwamba nyumba yenye tangi hilo imejengwa juu ya vyanzo vya mito ya watu wengine.

Hakuzaliwa kusafisha

Anayezungumziwa hapa ni kambale mdogo wa Amerika Kusini, wa jenasi ya Ancistrus. Familia yake, Loricariidae, ni ya kambale waliovikwa mabamba ya mfupa badala ya ngozi laini tuliyoizoea kwa kambale wa mabwawani. Mdomo wake uko upande wa chini, umeumbwa kushika mwamba na kukwangua. Dume akikomaa huota vijinyama virefu puani na kwenye paji la uso. Jike huwa na vifupi tu ukingoni mwa mdomo, au hana kabisa. Mtoto hana hata kimoja, na hapo ndipo matatizo ya dukani yanapoanzia, kama tutakavyoona.

Akiwa mkubwa, kwa kawaida havuki sentimita 15. Wengi wa wanaouzwa duniani leo wamezaliwa ndani ya matangi, vizazi vingi mbali na Mto Amazon.

Malezi yao yanavutia. Dume huchagua pango. Kwenye tangi hata kipande cha bomba au chungu kinatosha. Jike hutaga humo kishada cha mayai ya rangi ya chungwa, kisha dume humfukuza na kubaki peke yake, akiyapepea kwa mapezi usiku na mchana ili yapate maji mapya. Baada ya siku tano hivi, kutegemea joto, mayai huanguliwa. Watoto hubaki wameng'ang'ania pangoni kwa midomo yao, kila mmoja na kifuko cha kiini tumboni. Kifuko kikiisha, baada ya siku chache, wanatoka kutafuta chakula.

Wakati huo ndio wa hatari. Mtoto wa kambale huyu anahitaji kula kidogo kidogo karibu muda wote, na utando wa kijani kwenye kioo cha nyumbani unamalizika mapema mno. Anayeachiwa kioo pekee anakufa njaa polepole huku mwenye tangi akimsifu kwa usafi. Dalili iko wazi kwa anayejua pa kuangalia: akijibandika kwenye kioo, mtazame tumbo. Likiwa limejaa, anakula. Likiwa limebonyea, zimebaki siku chache za kumwokoa.

> Anayeachiwa kioo pekee anakufa njaa polepole huku mwenye tangi akimsifu kwa usafi.

Kwa chakula, hakuna mikoa iliyojaliwa kuliko hii. Njegere za Mbeya zilizomenywa ganda, tango, mchicha, boga: vyote viko Mwanjelwa na Soko Kuu la Iringa. Vichemshwe dakika mbili au tatu vilainike, vipozwe, vizamishwe kwa jiwe safi wakati wa jioni, kwa kuwa samaki huyu hula zaidi gizani. Mabaki yatolewe asubuhi kabla hayajaoza. Kidonge cha chakula cha samaki kinachozama humwongezea protini, lakini mboga ibaki ndiyo msingi.

Anapenda pia kukwangua ukuni. Hapa tahadhari ni ya kwetu hasa, maana nyumba nyingi za Mufindi na Iringa zimezungukwa na vipande vya misindano ya Sao Hill. Mti huo una utomvu na haufai majini. Tawi kavu la mpera lililochemshwa linafaa zaidi.

Maji maangavu yenye sumu

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Kwenye mto huchukuliwa na mkondo. Kwenye tangi hubaki. Bakteria wanaoota kwenye filta na mchanga huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, isiyo na makali sana. Bakteria hao huchukua mwezi mmoja au zaidi kujijenga, na baridi huwachelewesha. Kwa hiyo maji ya siku ya kwanza, hata yawe maangavu namna gani, hayana kinga yoyote.

Njia ya mkato ya halali ni kuomba kipande cha sponji ya filta kutoka kwa mtu ambaye tangi lake limekomaa. Kipande hicho kinakuja na bakteria wake. Kisisuguliwe kwa maji ya bomba, maana klorini inayotulinda sisi huwaua wao. Maji mapya yakae kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24 kabla hayajaingia tangini, na robo ya maji ya tangi ibadilishwe kila wiki.

Kisha kuna baridi. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Mwezi Juni na Julai joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Iringa huwa na afueni kidogo, lakini si kubwa. Kambale huyu anataka maji ya nyuzi 23 hadi 27. Mkubwa anaweza kustahimili ubaridi wa muda; mtoto hupunguza kula, chakula hukwama tumboni, na magonjwa hupata nafasi.

Hita ya wati 50 inayotosha tangi la lita 50 kule Dar es Salaam inaweza kushindwa kabisa sebuleni Uyole mwezi Julai. Ukiweka ya wati 100, na ikawaka nusu ya siku, inatumia uniti 1.2 kwa siku, sawa na uniti 36 kwa mwezi. Kwa kaya iliyo katika kundi la watumiaji wadogo wa umeme, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, samaki amechukua karibu nusu. Mtu anastahili kuambiwa hesabu hiyo dukani kabla ya kulipa, na kwa kawaida haambiwi.

Umeme ukikatika usiku, tangi lifunikwe kwa blanketi pande zote, sehemu ndogo ya juu ikiachwa wazi kwa hewa. Chupa ya plastiki yenye maji ya moto, iliyofungwa vizuri, ielee ndani. Samaki wasilishwe hadi joto lirudi. Umeme ukirudi, maji yasipashwe kwa ghafla. Nyuzi moja au mbili kwa saa zinatosha. Na yule wa mfuko wa basi apewe heshima hiyo hiyo: mfuko uelee tangini kwa nusu saa, uongezwe maji ya tangi kidogo kidogo, ndipo samaki atolewe.

Hesabu miale ya pezi

Turudi kwa mtoto asiye na vijinyama puani. Sokoni huwa anachanganywa na binamu yake, Pterygoplichthys, ambaye akiwa na sentimita nne anafanana naye vya kutosha kumdanganya mnunuzi. Tofauti ni kwamba binamu huyo hakui kwa staha. Anafika sentimita 40 na kuendelea, anajaza tangi kwa kinyesi na kung'oa kila kilichopandwa.

Pezi la mgongoni ndilo linalosema ukweli. Likiwa limesimama, hesabu miale laini iliyo nyuma ya mwiba wa kwanza. Ancistrus ana saba hivi. Pterygoplichthys huwa na tisa au zaidi, mara nyingi zaidi ya kumi. Kazi hiyo inataka dakika moja na jicho zuri, na ingepaswa kufanywa na kila anayewauza.

Nasisitiza hili kwa sababu samaki wa sentimita 40 kwenye tangi la sebuleni ana njia moja tu iliyo rahisi kwa mwenye nyumba aliyechoka. Ndoo, kisha mtoni.

Mlima mmoja, mabonde matatu

Mbeya imekaa mahali pa pekee nchini. Maji ya Kiwira yanashuka Kyela na kuingia Ziwa Nyasa. Kimani, Mbarali na Chimala yanakwenda Usangu, yanapita Ihefu na kuwa Ruaha Mkuu. Upande wa magharibi, Songwe ya kaskazini inamwaga maji yake Ziwa Rukwa. Mabonde matatu, kila moja na samaki wake waliotengana kwa muda mrefu mno. Iringa nayo ina Ruaha Mdogo unaopita kando ya mji, kisha unaungana na Ruaha Mkuu kuelekea Bwawa la Mtera.

Mtu anaweza kusema kwamba kambale wa Amazon hatamaliza wiki kwenye maji ya baridi ya Kiwira ya juu. Kuna ukweli humo. Lakini mto hausimami. Kyela iko chini karibu na mita 500, na maji ya juu ya Nyasa kwa sehemu kubwa ya mwaka yana joto lile lile analopashiwa samaki huyu nyumbani. Usangu kuna joto. Mtera kuna joto zaidi.

> Maji ya juu ya Nyasa kwa sehemu kubwa ya mwaka yana joto lile lile analopashiwa samaki huyu nyumbani.

Jina la Mtera lina maana hapa kwa sababu ya Infiernillo. Hilo ni bwawa la umeme nchini Mexico, na wavuvi wake, kama wa Mtera, waliishi kwa kuvua jamii ya perege. Pterygoplichthys, samaki wa mapambo, walipoingia humo waliongezeka hadi nyavu zikawa zinajaa wao. Miiba yao inachana nyavu, mabamba yao yanamkatisha tamaa mla samaki, na wanastahimili muda mrefu nje ya maji kwa kuwa wanaweza kuvuta hewa. Uvuvi wa perege ulipigwa vibaya. Huko Florida wanachimba kingo za mito kwa ajili ya kutaga. Afrika Kusini pia, katika KwaZulu-Natal, wameshaonekana wakiishi mitoni.

Sijasema Ancistrus amefanya hayo. Ni mdogo, na sifa yake ya uvamizi si kama ya binamu yake. Ila kinachotupwa mtoni hakipimwi kwanza miale ya pezi.

Tumeshawahi kuona

Nyanda hizi zina historia ya samaki wageni. Enzi ya ukoloni Waingereza walileta trauti na kuwaachia katika mito ya milimani, Kiwira ukiwamo, ili wapate mchezo wa kuvua kwa ndoana. Kanda ya Ziwa inakumbuka sangara walioletwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na samaki wadogo wa asili waliopotea baada yao.

Karibu zaidi na sisi, mwaka 2013 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, pamoja na wenzao wa Uingereza, walichapisha taarifa kwamba sato wa Mto Nile ameingia katika bonde la Ziwa Nyasa upande wa Tanzania. Utafiti wao wa baadaye ulionyesha perege wageni wameenea katika mabonde mengi ya nchi, na baadhi wanazaliana na perege wa asili.

Na Rungwe kuna Ziwa Kisiba, ambalo wengi tunalijua kama Masoko na kwa simulizi ya fedha za Wajerumani zilizozamishwa humo. Ni ziwa la kreta, upana wake haufiki kilomita moja. Desemba 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu samaki wake wa jamii ya perege: ndani ya maji hayo machache, spishi moja imeanza kugawanyika katika aina mbili. Moja, madume yake ya rangi ya manjano, inaishi pembeni kwenye mwanga. Nyingine, madume yake ya bluu, inaishi kina kirefu. Mgawanyiko huo umetokea katika miaka isiyozidi elfu chache, muda mfupi sana kwa kazi ya aina hiyo. Wanasayansi wanatoka mbali kuja kuusoma hapo.

Ndoo moja ya samaki wageni ikimwagwa Kisiba, hakuna atakayeweza kuirudisha.

Pande zinazovutana

Wahifadhi wenye msimamo mkali wangependa kambale wote wa familia hii wapigwe marufuku. Hoja yao ni kwamba ukaguzi wa duka kwa duka hauwezekani, na kwamba gharama ya kuzuia ni ndogo kuliko ya kutibu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake tayari zinataka kibali kwa anayeingiza samaki hai nchini. Lakini kibali hukaguliwa bandarini na uwanja wa ndege. Samaki aliyezaliwa kwenye tangi la jirani hapiti huko.

Wafugaji na wauzaji nao wana jibu zito. Wanauliza kwa nini kidole kinaelekezwa kwa samaki wa sentimita 12 wakati mabwawa ya sato yanafurika kila masika na kumwaga vifaranga mtoni. Wanasema pia kwamba tangi ni shule: mtoto aliyemwona dume akipepea mayai hatatupa sumu mtoni akikua.

Hoja ya mwisho ina ushahidi wake milimani huku. Chura wa Kihansi, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Udzungwa, aliokolewa na matangi ya kioo. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko, vyura 499 walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2000. Ugonjwa wa fangasi ulipoingia bondeni mwaka 2003, waliobaki walitoweka, na mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Wajukuu wa wale 499 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na Kihansi kwenyewe mwaka 2012. Ufugaji wa ndani ya kioo, ukifanywa kwa nidhamu, si jambo la kudharau.

Wapo wa upande wa tatu, wanaouliza kwa nini tuhangaike na Amazon. Ziwa Nyasa lina mbuna wanaokwangua utando wa kijani kwenye miamba. Mmojawapo, Labeotropheus fuelleborni, ana jina la Friedrich Fülleborn, daktari wa Kijerumani aliyekusanya samaki wa Nyasa mwishoni mwa karne ya 19. Huko Ulaya mfugaji anaweza kununua mbuna aliyeandikwa jina la Lupingu, kijiji cha Ludewa, na akalitamka vizuri. Mkazi wa Njombe mjini pengine hajawahi kumwona samaki huyo akiwa hai.

Tuna hata kambale wetu wa kunyonya miamba. Wawili, Chiloglanis rukwaensis na Chiloglanis trilobatus, wa mito ya bonde la Rukwa, walipewa majina ya kisayansi mwaka 1996 tu.

Naipenda hoja hii, lakini haimalizi shauri. Chiloglanis amezoea maji yaendayo kasi yenye hewa nyingi, na tangi la kawaida litamuua. Mbuna ni wagomvi, wanahitaji tangi la lita 200 na zaidi na maji yenye chumvichumvi za madini. Nao pia wasihamishwe ovyo. Upande wa Malawi, kwenye kisiwa cha Thumbi Magharibi, mbuna walioachiwa na wafanyabiashara kutoka sehemu nyingine za ziwa lile lile wameenea, na wengine wamechanganyika na wenyeji.

Nini kifanyike dukani

Kwa maoni yangu marufuku ianze na Pterygoplichthys, na ianze sasa. Hana faida yoyote nyumbani ambayo haitolewi na Ancistrus, na madhara yake yameshaonekana nje. Ancistrus aachwe, kwa masharti yanayobeba uzito: azaliwe hapa hapa badala ya kuvushwa barabarani akiwa mchanga kila wiki, auzwe akiwa ameshaanza kula mboga vizuri, na muuzaji akubali kumpokea tena mteja akishindwa.

Sharti hilo la kumpokea ndilo zito kuliko yote, kwa sababu jozi moja ikitulia inaweza kutoa watoto kadhaa kwa mara moja, pengine hadi mia, na kurudia baada ya wiki chache. Mfugaji wa Forest Mpya au Gangilonga atajikuta na watoto wasio na pa kwenda. Asiyetaka hilo atoe pango tangini, dume akose pa kulelea. Aliyeshapata watoto azungumze na muuzaji kabla hawajafika sentimita tatu, maana baada ya hapo tangi dogo halitoshi na maji yatachafuka haraka kuliko atakavyoweza kubadilisha.

Maji machafu ya tangi yamwagwe bustanini, mboga zitayafurahia. Yasimwagwe kwenye mtaro unaoelekea mtoni, kwa sababu yanaweza kubeba konokono na vimelea hata kama hakuna samaki ndani. Samaki aliyekufa azikwe kwenye udongo mkavu. Na anayehama kikazi, kama wengi wa watumishi wa mikoa hii wanavyohama, apange samaki wake wanakwenda kwa nani kabla hajafunga mizigo, wiki ile ile anayopokea barua ya uhamisho.